Harufu ya Kinywa na Safari ya Kutafuta Chanzo Chake

Miongoni mwa kasoro za mwili, pana moja ambayo mwenyewe huwa wa mwisho kuijua. Kovu la uso huonekana katika kioo, na kilema cha mguu huhisiwa katika kila hatua. Lakini kinywa kinukacho hakimwambii mwenyewe neno. Pua huizoea harufu iliyo karibu nayo daima, hata ikaacha kuitambua. Jirani huitambua, walakini haya humfunga ulimi. Basi mmoja hajui na mwingine hasemi, na kati yao kasoro hustarehe. Habari za jambo hili dogo zatufundisha mambo mawili makubwa: jinsi haya inavyoweza kuficha ugonjwa, na jinsi wanadamu wanavyoweza kutafuta mbali kitu kilicho karibu.

Katika maandiko ya Plutarch, Myunani aliyeishi katika karne ya 1 na ya 2 baada ya kuzaliwa Kristo, imo hadithi ya Hiero, mtawala wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Siku moja adui yake alimsimanga kwa harufu mbaya ya kinywa chake. Hiero alirejea nyumbani, akamwuliza mkewe kwa nini hakumwambia habari hiyo siku zote walizokaa pamoja. Mke, ambaye hakuwahi kumkaribia mwanamume mwingine, akajibu kwamba alidhani wanaume wote hunuka hivyo. Plutarch alikitoa kisa hiki kuonyesha kwamba adui naye ana faida yake, maana mara nyingine husema kweli ambayo wapenzi hawaisemi.

Mashariki ya mbali, katika China ya ukoo wa Han, yasimuliwa kisa kinachofanana na hicho. Mfalme Huan, aliyetawala tangu mwaka 146 hata 168, alikuwa na mtumishi mzee wa barazani ambaye kinywa chake kilinuka. Mfalme hakumwambia neno. Alimpa karafuu tu, akamwamuru aitie kinywani. Mzee alipousikia ukali wake alidhani amepewa sumu kwa kosa asilolijua. Alikwenda nyumbani, akawaaga jamaa zake, na kilio kikaanguka. Wenziwe walipofika na kuomba waonyeshwe sumu hiyo, waliitambua, wakacheka sana. Tazama, msomaji, jinsi ukimya wa mfalme ulivyokaribia kumwua mtu kwa hofu, ilhali neno moja la faragha lingalitosha.

Zama hizo karafuu ilipatikana katika visiwa vya Maluku peke yake. Katika karne ya 19 ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba, na kabla ya karne hiyo kwisha visiwa hivyo vikawa mashuhuri ulimwenguni kwa zao hilo. Hivyo dawa ya baraza la China ikawa dawa ya pwani yetu pia, pamoja na iliki na tambuu. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu ya jino na kudhoofisha vijidudu. Lakini kutafuna karafuu hakuzibi jino lililotoboka wala hakuponyi ufizi. Tena si kila kitiwacho kinywani kwa ajili ya harufu ni salama: popoo inayotafunwa pamoja na tambuu imethibitishwa kuwa huleta saratani ya kinywa. Kufukiza udi katika nyumba yenye mzoga si kuutoa mzoga.

Je, uvundo huo ulidhaniwa kutoka wapi? Kwa karne nyingi matabibu wengi walilishutumu tumbo. Waliona kwamba chakula huingia kwa kinywa na kukaa tumboni, wakahukumu kwamba mvuke wa chakula hicho hupanda na kutoka tena kwa mlango ule ule. Dhana hii yaonekana kuwa na akili, na mpaka leo wako waishikao. Lakini njia ya chakula si bomba lililo wazi daima. Aghalabu hufungika, hufunguka mtu anapomeza au anapocheua. Kwa hiyo tumbo lilichukua lawama ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa yake.

Mlango wa elimu ulianza kufunguliwa mwaka 1683, na aliyeufungua hakuwa tabibu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa na hadubini alizozitengeneza kwa mikono yake. Alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, ingawa aliyasugua kwa chumvi kila asubuhi, akaona ndani yake viumbe vidogo mno vikienda na kurudi. Kisha alichunguza ukoga wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha kinywa maisha yake yote, akakuta jeshi la viumbe hivyo lisilo na kadiri. Viumbe hivyo ndivyo tuviitavyo leo bakteria. Ikapita miaka zaidi ya 200 kabla ya Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, kutoa mwaka 1890 kitabu kikubwa juu ya vijidudu vya kinywa na jinsi vinavyoozesha meno.

Wakati elimu ilipokuwa ikijikongoja, biashara ilikimbia. Mwaka 1879 ilitengenezwa Marekani dawa ya maji iitwayo Listerine, ikapewa jina la Joseph Lister, tabibu mpasuaji wa Uingereza aliyefundisha kuua vijidudu katika vidonda. Kwanza ilikusudiwa kutumiwa na waganga. Katika miaka ya 1920 wenye kuiuza walilitwaa neno la kitabibu, halitosis, lenye maana ya harufu mbaya ya pumzi, wakalitia katika matangazo ya magazeti. Matangazo hayo yalionyesha binti mzuri asiyeolewa, au kijana aliyeachwa na marafiki, kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia. Dawa ikauzwa sana. Haya iliyowanyamazisha watu kwa karne nyingi ikageuka kuwa bidhaa, na wengi wasio na kasoro yo yote wakaanza kujishuku.

Jibu la hakika lilipatikana maabarani. Kuanzia miaka ya 1960, Joseph Tonzetich wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alichunguza hewa itokayo kinywani, akaonyesha kwamba uvundo wake hutoka hasa katika gesi zenye salfa, mojawapo ikinuka kama yai viza. Bakteria hula mabaki ya chakula, chembe za ngozi ya kinywa zilizokufa na utomvu wa mate, na katika kuvivunja vitu hivyo hutoa gesi hizo. Makao yao makubwa ni nyuma ya ulimi, katika utando mweupe usiofikiwa na brashi. Tena hukaa kati ya meno, ndani ya jino bovu, na chini ya ufizi ulio mgonjwa. Mate huwaosha, ndiyo maana kinywa hunuka asubuhi, kwa kuwa usiku mate hupungua.

Wachunguzi wameona kwamba visa kama 8 au 9 katika kila 10 hutoka kinywani mwenyewe. Vilivyobaki vina asili nyingine: mafindofindo, usaha katika matundu ya pua, au ugonjwa wa ini na figo. Kisukari kikizidi, pumzi huweza kunuka kama tunda lililoiva mno, na hapo mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Kitunguu saumu nacho kina njia yake: harufu yake huingia katika damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi, hata kinywa kikiwa kimeoshwa. Tumbaku huongeza uvundo wake na kuudhuru ufizi.

Sasa turudi kwa wazee. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliagiza ulimi ukwanguliwe. Waislamu walihimizwa kupiga mswaki tangu zama za Mtume, na neno mswaki, tulitumialo leo kwa brashi ya dukani, lilikuwa kwanza jina la kijiti cha mti. Watu hao hawakuijua bakteria, lakini waliosafisha walikuwa karibu na kweli kuliko waliotia manukato. Usafi huo haujapitwa na wakati: sugua meno mara mbili kwa siku, kwangua ulimi, safisha kati ya meno, kunywa maji, na mwone daktari wa meno.

Limebaki jambo moja lisilouzwa dukani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi haya mwenyewe hayafichi, bali hafichuliwi. Ikiwa mwenzako wa darasani amepatwa nayo, usimcheke mbele ya watu kama adui wa Hiero, wala usinyamaze kama mfalme Huan. Mwite kando, umwambie kwa upole. Na wewe ukiambiwa, usikasirike, shukuru. Aliyekuambia amekutendea jambo ambalo mtawala wa Syracuse, pamoja na ukuu wake wote, alilikosa nyumbani kwake.