Kichefuchefu cha safari: Sikio na jicho vinapopingana

ABIRIA atokaye Sumbawanga kwenda Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, huteremka takriban mita 1,000 kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Katika kona za mteremko huo, baadhi huweza kutapika.

Hali hiyo si woga wala udhaifu. Ndani ya sikio mna kiungo kinacholinda mizani ya mwili. Abiria anaposoma garini, sikio huhisi mwendo ilhali macho yanaona maandishi yaliyotulia; kichefuchefu hutokana na mgongano huo. Kwa mvaaji wa miwani ya uhalisia pepe mambo hugeuka: macho huona mwendo, mwili umetulia. Aivue mara dalili zianzapo.

Msafiri aketi mbele, atazame mbali na aepuke mlo mzito. Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Aina nyingi huleta usingizi, hivyo dereva asizitumie.

Watoto wa miaka 2 hadi 12 huathirika zaidi. Anayeendelea kutapika baada ya safari kwisha apelekwe kituo cha afya, kwani huenda ni malaria au maradhi mengine.