Swali la Mwembe

Julius Nyerere alisoma Shule ya Tabora, akaingia Makerere mwaka 1943, kisha akarudi mjini hapa kufundisha Bayolojia katika Shule ya Mtakatifu Maria. Nasi tulioota kufuata nyayo zake tulikesha kwa koroboi, tukijipima kwa maswali ya mitihani iliyopita. Nafasi zilikuwa chache, watahiniwa wengi.

Swali moja lilitutoa jasho: mbegu nzito, isiyopeperushwa na upepo, hufikaje mbali? Sote tuliandika: wanyama. Mwalimu akauliza, "Mnyama gani?" Tukanyamaza. Akatupeleka njia ya Kwihara, akatuketisha chini ya mwembe.

Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini. Ulivuka bahari, na katika karne ya 19 ukasambaa bara kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mbebaji alikuwa binadamu: mpagazi Mnyamwezi aliyelipwa ujira, na mtumwa aliyefungwa minyororo.

Mtihani nilifaulu. Lakini tangu siku ile sijakaa kivuli cha mwembe bila kuwakumbuka waliouleta. Wadogo zangu, karirini majina. Kisha ulizeni: nani alibeba?