Tela lililotumika: Ukaguzi kwanza, bei baadaye

MSAFIRISHAJI anayenunua tela lililotumika kwa ajili ya kubeba mitambo kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anaweza kuokoa fedha nyingi za kuanzia kazi. Anaweza pia kununua chuma kilichochoka, kitakachomlipisha faini kwenye mizani na kumlaza njiani wakati riba ya benki ikiendelea kuhesabiwa. Mara nyingi dalili za tela la aina hiyo huonekana kabla ya fedha kutolewa, iwapo mnunuzi anajua mahali pa kuangalia.

Miongoni mwa matela yanayofaa kwa kazi hiyo ni lile la sakafu ya ngazi. Sehemu yake ya mbele, inayokaa juu ya kichwa cha lori, huwa juu, kisha sakafu hushuka na kuendelea chini hadi nyuma. Sakafu ya tela bapa la kawaida huwa takriban mita 1.5 kutoka ardhini, wakati sakafu ya chini ya tela la ngazi huwa karibu mita 1.

Kwa hesabu hiyo, mtambo wenye kimo cha mita 3.2 utafikia mita 4.7 ukiwa juu ya tela bapa, lakini mita 4.2 tu ukiwa juu ya tela la ngazi. Nusu mita hiyo ina maana kubwa chini ya nyaya za umeme na madaraja. Aidha, mzigo unaozidi vipimo vya kisheria huhitaji kibali maalumu cha Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Lobedi hushuka zaidi ya hapo na ndiyo inayofaa kwa mitambo mirefu na mizito zaidi, lakini si rahisi kuitumia kwa mizigo ya kawaida wakati wa kurudi.

Mizani kwanza

Jambo la kwanza la kuulizwa ni uzito wa tela likiwa tupu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Hata hivyo, si kila lori linaloruhusiwa kufikia tani hizo, kwa kuwa kila kundi la ekseli lina ukomo wake. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili zilizoongozana zenye matairi manne kila moja tani 18, na ekseli tatu za aina hiyo tani 24.

Hivyo kichwa chenye ekseli mbili za nyuma, kikivuta tela la ekseli tatu, huishia tani 50. Kichwa kikiwa na tani 9 na tela tani 8, mzigo halali ni tani 33. Iwapo mmiliki wa awali aliongeza vyuma vya kuimarisha tela na kulifanya liwe na tani 9, mnunuzi amepoteza tani moja kila safari. Kwa safari mbili kwa mwezi, ni tani 24 kwa mwaka ambazo hatalipwa.

Tela la ngazi lina tatizo jingine. Mzigo mzito hukaa kwenye sakafu ya chini, karibu na ekseli za nyuma. Lori linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla, lakini ekseli za tela zikazidi tani 24. Katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 900, magari hupimwa katika vituo kadhaa, vikiwamo Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba. Mnunuzi apime urefu wa sakafu ya chini na kuulinganisha na mizigo anayokusudia kubeba, ili ajue kama mtambo unaweza kusogezwa mbele vya kutosha.

Chasisi isifichwe na rangi

Rangi mpya si sifa ya tela. Wakati mwingine hufunika kutu na nyufa. Sehemu inayobeba shida kubwa zaidi ni pale sakafu inaposhuka, kwa kuwa nguvu za mzigo hukusanyika kwenye kona hiyo. Fundi aingie chini akiwa na tochi na brashi ya chuma, aangalie kama kuna ufa, mabamba yaliyoongezwa au mahali palipochomelewa zaidi ya mara moja.

Matela mengi ya mizigo mizito hutengenezwa yakiwa na mpindo mdogo wa kuelekea juu, unaonyooka mzigo unapowekwa. Tela tupu ambalo tayari limeinama katikati limechoka. Kamba iliyovutwa pembeni mwa boriti kuu inatosha kuonyesha hali hiyo.

Kipimo kingine ni kutoka kwenye pini ya kuunganishia hadi kila ncha ya ekseli ya kwanza. Umbali wa kulia ukitofautiana na wa kushoto, ekseli haijakaa sawa au chasisi imepinda. Tela la namna hiyo hutembea upande na kumaliza matairi mapema.

Pini yenyewe ipimwe. Ile ya inchi 2 huwa na unene wa milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikilika hadi milimita 49 hubadilishwa. Tela lenye pini ya inchi 3.5 halitaingia kwenye kichwa kilichotengenezwa kwa pini ya inchi 2.

Breki na matairi

Mteremko wa Kitonga mkoani Iringa na ule wa Iwambi mkoani Mbeya haumsamehe dereva mwenye breki mbovu. Tela liunganishwe na kichwa, mfumo ujazwe upepo, injini izimwe na mafundi wasikilize panapovuja. Magurudumu yafunguliwe ili viatu vya breki, madramu na beringi vionekane kwa macho.

Baadhi ya matela ya ngazi hutumia matairi madogo ya inchi 17.5 ili kupunguza kimo. Matairi hayo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na nafasi ya breki ndani yake ni ndogo, hivyo hupata joto haraka. Mnunuzi aulize kwanza kama yanapatikana katika njia anayopita, kwa kuwa malori mengi hutumia ya inchi 22.5. Umri wa tairi husomwa ubavuni: tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nyaraka

Kwa Tanzania, tela husajiliwa peke yake na huwa na kadi yake, tofauti na ya kichwa. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na ile ya kadi. Palipokwanguliwa au kuchomelewa upya, biashara isimame hadi maelezo yapatikane. Uhalali wa kadi uthibitishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na umiliki uhamishwe mara moja.

Muuzaji akiwa kampuni, ni busara kuangalia kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kama mali zake zimewekwa rehani. Tela lililo dhamana ya mkopo linaweza kukamatwa na benki hata kama mnunuzi amelipa fedha zote.

Baada ya hapo ndipo bei ijadiliwe. Gharama za matairi, breki, uchomeleaji na uhamisho wa kadi zijumlishwe na bei ya muuzaji, kisha jumla hiyo ilinganishwe na bei ya tela jipya kutoka viwanda vilivyopo nchini. Tofauti ikiwa ndogo, tela jipya ndilo nafuu. Muuzaji akikataa tela lipimwe kwenye mizani au lifunguliwe magurudumu, mnunuzi abaki na fedha zake.