Mkarafuu na Njia ya Kiswahili Kuja Bara

Mwanafunzi akiulizwa Kiswahili kilifikaje kwetu Burundi na Kongo ya mashariki, hujibu kwamba kilikuja na misafara ya pembe za ndovu. Jibu hilo ni sahihi, ila lina upungufu. Nyuma ya misafara hiyo ulikuwapo pia mti wa maua: mkarafuu.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Hustawi penye joto, mvua ya kutosha na udongo usiotuamisha maji. Karafuu tunayotia katika pilau na chai, na ambayo mafuta yake hutuliza maumivu ya jino, ni tumba la ua ambalo halijachanua. Matumba huchumwa kwa mkono yanapoanza kuwa mekundu, hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani. Yakichanua, thamani yake hushuka. Kwa hiyo mavuno hayangoji. Hudai mikono mingi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1770 Wafaransa waliipeleka miche Mauritius, wakavunja ukiritimba wa Waholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ulifika Unguja, na Seyyid Said, aliyetawala hadi 1856, akahimiza upandwe kwa wingi Unguja na Pemba. Mikono iliyohitajika ilikuwa ya watumwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wengine walitoka Manyema na nchi za Ziwa Tanganyika.

Hapo ndipo historia ya mti inapokutana na historia ya lugha. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliyopeleka pembe na watu pwani ndiyo iliyoleta Kiswahili bara. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, anaonyesha uhusiano huo: alifanya biashara Manyema, akamiliki mashamba Unguja, na akaandika maisha yake kwa Kiswahili.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Hadi leo Pemba ndiyo inayoongoza kwa karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulipoteza uhalali wa kisheria visiwani mwaka 1897 tu. Kwa takriban robo karne baada ya soko kufungwa, basi, karafuu ziliendelea kuchumwa na watumwa.

Wapo wanaoona kwamba kuyataja haya darasani ni kukipaka Kiswahili matope. Sikubaliani nao. Lugha haina hatia ya njia iliyopitia. Waliochukuliwa kwa nguvu nao walijifunza Kiswahili, wakakizungumza mashambani na kuwarithisha watoto wao. Tukifundisha habari za wafanyabiashara peke yao, tutakuwa tumewafuta wasemaji hao kwa mara ya pili. Tunaposoma maandishi ya Tippu Tip na wanafunzi wetu, tuwaulize pia: waliochuma karafuu walikuwa nani, na walitoka wapi?