Kiputo cha Gesi na Mlima wa Timboroa

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, nyuma ya jicho. Ndiyo hukuwezesha kusoma meseji na kutambua sura ya mtu. Ikitoboka, kila sura unayoiangalia inakosa katikati. Zamani madaktari walikuwa hawana dawa ya hilo tundu.

Mwaka 1991 Neil Kelly na Robert Wendel wa Sacramento, California, walichapisha matokeo ya macho 52. Walitoa ute ulio ndani ya jicho, wakajaza gesi mahali pake, kisha mgonjwa akaambiwa ainamishe uso kwa angalau wiki moja. Kwa nini? Kiputo cha gesi hupanda juu siku zote. Ukiangalia chini, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu, basi kiputo kinaegemea tundu. Asilimia 58 ya matundu hayo yaliziba. Kazi ya daktari iliishia hapo. Iliyobaki ilikuwa ya shingo ya mgonjwa.

Tangu hapo, madaktari wameanza kubandua utando mwembamba ulio juu ya retina, na sasa zaidi ya matundu tisa kwa kumi huziba. Wiki ya kuinama imepungua, mara nyingi ni siku chache tu. Utafiti wa Uingereza wa 2020 kuhusu matundu makubwa haukuthibitisha kuwa kuinama kunasaidia.

Lakini sheria moja haijalegea: gesi ikiwa jichoni, usipande ndege. Juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi hutanuka. Presha ya jicho inapanda, damu inaweza kushindwa kufika, na ukapofuka.

Sacramento iko karibu na usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,100 hivi, na barabara ya kutoka Nairobi inapitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kumbe matatu yetu nayo inapaa! Ukitoka Kisumu, unapanda karibu mita 1,000.

Shangazi yangu alipopewa tarehe ya upasuaji Nairobi, karatasi ya maelekezo ilitaja ndege, haikutaja milima. Tukauliza: ni gesi gani, na itaisha lini? Kuna inayokaa wiki mbili hivi, nyingine hufika miezi miwili. Akabaki kwa binamu yangu huko Nairobi hadi daktari alipothibitisha kuwa kiputo kimeisha. Ndipo tukamkatia tiketi ya kurudi nyumbani.