Njia ya Bahari: Meli za Pwani ya Kusini na Watu wa Kariakoo

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, ni desturi njema kutaja majengo, kengele, kwaya na wachungaji waliotangulia. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia hayo yote: watu waliojaza mabenchi ya kanisa walifika Kariakoo kwa njia gani? Wapo waliokuja kwa miguu kutoka Uzaramo. Wapo walioletwa na reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Na wapo, wala si wachache, walioletwa na bahari kutoka Kilwa, Mafia, Lindi, Mikindani na Mtwara. Makala hii inahusu kundi hilo la mwisho na njia waliyoipita, ambayo kizazi cha sasa karibu hakiijui.

Bandari iliyouzaa mji

Dar es Salaam ni mtoto wa bahari. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kwa sababu ya bandari yake tulivu. Injili ya wamisionari wa Kilutheri nayo ilishuka hapo hapo: Mchungaji Johann Jakob Greiner alifika mwaka 1887, miaka minne kabla ya Wajerumani kuhamishia makao ya serikali yao hapa kutoka Bagamoyo. Ujenzi wa kanisa la Azania Front ulianza mwaka 1898 ukingoni mwa bandari, na tangu hapo msafiri aingiaye kwa meli huuona mnara wake kabla hajakanyaga ardhi.

Meli za kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, ziliunganisha bandari za pwani yetu na Ulaya. Pembeni mwake majahazi yaliendelea na kazi yake ya karne nyingi, yakifuata kaskazi na kusi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo Waingereza walikuwa wamewaweka wapagazi wa kikosi chao cha uchukuzi pakabaki na jina la kikosi hicho kwa matamshi yetu, yaani Kariakoo. Mtaa uliopewa jina na wachukuzi ukawa makao ya wasafiri, na mtu wa kusini aliyeshuka bandarini akiwa na kikapu kichwani aliweza kuufikia kwa miguu.

Mwendo wa safari

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliokwenda kusini kwa bahari waliitegemea MV Canadian Spirit, iliyosafiri kati ya Dar es Salaam, Mafia na Mtwara. Safari ilichukua takriban siku nzima na usiku wake, na zaidi pale kusi lilipovuma kwa nguvu, kwa maana katika miezi ya Juni hadi Agosti meli iendayo kusini huukabili upepo uso kwa uso.

Meli ilitoka kwa taratibu katika mlango mwembamba wa bandari, Magogoni upande mmoja na Kigamboni upande wa pili, ikaviacha visiwa vya Makatumbe, kisha ikageuka kuelekea kusini. Baada ya saa kadhaa pwani ilikuwa ukanda mweusi wa mikoko: ni delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za msitu huo zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni. Ni humo pia manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915.

Upande wa pili wa mkondo kipo kisiwa cha Mafia. Kwa miaka mingi Kilindoni hakukuwa na gati la kuifikisha meli kubwa ufukoni, hivyo abiria walishuka kwenye mashua wakiwa katikati ya maji, akina mama wakipokezana watoto mkono kwa mkono. Kusini zaidi vipo visiwa vya Songosongo, kisha Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, na ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Baadaye inakuja ghuba ya Lindi, mahali Mto Lukuledi unapoingia baharini, na Mikindani, ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mwisho ni Mtwara, yenye bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954, tunda lililobaki la mpango wa karanga ulioshindwa.

Jamaa ya sitahani

Uzuri wa pwani hiyo haukuwa sababu ya watu kupanda meli. Walipanda kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya uhakika. Barabara ya kusini ilikatizwa na Mto Rufiji, ambao magari yaliuvuka kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika njia iliweza kufungwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi, mgonjwa, mfanyabiashara wa korosho na mtu aliyepokea habari za msiba wote walilazimika kuisubiri meli ile ile.

Sitahani walitandika mikeka ubavu kwa ubavu. Mwislamu aliswali na Mkristo aliomba, kila mmoja akimpisha mwenzake. Chakula kilikuwa cha wote, na aliyezidiwa na kichefuchefu aliuguzwa na mtu asiyemjua jina. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, kinaeleza safari ya Paulo kwa meli iliyopita bandari baada ya bandari ikiwa na watu 276, wafungwa, askari na mabaharia pamoja. Msomaji wa pwani haihitaji sana tafsiri ya sura hiyo. Anajua kwamba chombo kikiyumba, hakiulizi nani ni nani.

Tusiipambe lakini njia hii kupita kiasi. Bahari imetudai gharama kubwa. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I, iliyojazwa kupita uwezo wake, ilizama ikielekea Pemba. Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka katika bandari yetu hii ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Wengi waliangamia, na zipo familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika.

Daraja na lami

Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Rufiji, lenye urefu wa takriban mita 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Lami nayo ikaendelea kusogea, hadi kipande kigumu cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilipokamilika katikati ya miaka ya 2010. Basi liondokalo alfajiri likaanza kufika Mtwara jioni. Abiria wakaiacha meli, na hakuna wa kuwalaumu. Mama mwenye mtoto mgonjwa hachagui njia kwa ajili ya mandhari.

Lakini mapema Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara eneo la Somanga. Kwa siku kadhaa magari yalisimama pande zote mbili, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa barabara hiyo. Ndipo ilipoonekana kwamba tulipoipata njia mpya tuliiacha ile ya kale bila kuitunza. Mafia inaendelea kuhudumiwa na MV Kilindoni kutoka Nyamisati, na Unguja ina boti ziendazo kasi. Kusini ya mbali imebaki ikitegemea uzi mmoja.

Wito kwa usharika

Naona deni letu ni la namna mbili. Kwanza, wapo wazee miongoni mwetu waliozisafiri meli hizo. Vijana wa usharika wawaendee na kuyaandika masimulizi yao wangali hai, maana hadi sasa kumbukumbu za usharika zimejaa tarehe za majengo kuliko safari za watu. Pili, ndugu zetu wa kusini, pamoja na Dayosisi ya Kusini Mashariki yenye makao yake Mtwara, wasikumbukwe tu wakati wa michango au mafuriko. Lami imezifupisha siku za safari. Basi na zifupishe pia siku tunazokaa bila kutembeleana.

Kwa wageni wetu wa dayosisi na sharika jirani: mtakapopita Kivukoni mkirejea makwenu, simameni kidogo mtazame mlango wa bandari. Sehemu ya usharika huu iliingilia pale. Mungu awabariki.