Mlango na Miimo Yake

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo na Lamu, hakosi kusimama mbele ya milango ya nakshi. Mengi yamekwisha andikwa juu ya nakshi hizo. Sisi hapa twapenda kuzungumzia kazi nyingine ya seremala, ambayo ni nadra kusifiwa: kuupunguza ubao wa mlango hata uenee katika fremu yake.

Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zifungukazo kwa ndani, na katikati mna mfaa, yaani ule mti uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili kuziba ufa. Hapo kale mbao hizo hazikutiwa bawaba; kila moja ilizunguka juu ya ncha zake mbili, zilizoingia katika matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Fremu ndiyo iliyotangulia. Ilisimamishwa kwanza, kisha ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukajengwa kuizunguka. Na nakshi nyingi zimo katika fremu hiyo na katika mfaa: minyororo, samaki, mawaridi, na juu pengine aya za Kurani na mwaka. Mbao zenyewe, ziwe za mvule au za msaji uliotoka Bara Hindi, aghalabu hazina nakshi, isipokuwa njumu za shaba.

Hapo ndipo yalipo maarifa. Masika yakija, ubao hunywa unyevu ukatanuka kwa upana, wala si kwa urefu, hata mlango ukagoma. Asiyejua hutwaa randa siku ile ile; kiangazi kikifika, pana ufa wa kupitisha kidole. Fundi mzoefu hungoja ubao ukauke. Kisha hupaka masizi ukingoni mwa miimo, akafunga taratibu, akafungua, akatazama alama ilipoangukia, akapiga randa kidogo, akajaribu tena. Hata ukuta ukiwa umetitia na fremu imeinama, kinachopunguzwa ni ubao. Fremu haiguswi, kwani ndiyo yenye maandishi, na haitoki ila kwa kubomoa ukuta.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ya Tanzania Bara, ilitaja pamoja na milango fremu zake, zile za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Huko Unguja, Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, milango mingi ya kale imekwisha uzwa na kuvushwa ng'ambo. Mingine imegeuzwa meza. Mingine imekatwa kimo ipate kuingia katika fremu ngeni, na msumeno huo ukaondoa ncha zake zote nne. Nyumba iliyong'olewa mbao peke yake huachwa na miimo ukutani, na matundu manne matupu.